SOMO LA ROBO HII: Zana zipi zinunuliwe kwanza kwa seremala anayeanzia nyumbani



Somo la safari hii limetokana na barua zenu wenyewe. Karibu kila robo tunapokea maombi ya usharika unaotaka kumsaidia kijana aliyemaliza mafunzo ya useremala. Kijana amerudi kwa wazazi, cheti anacho, nguvu anazo, lakini hana hata patasi moja. Kamati imekwisha kupata fedha kidogo, pengine kutokana na sadaka ya mavuno, pengine kwa rafiki wa ng'ambo, na inatuuliza zinunuliwe zana gani. Orodha nyingi zinazoambatanishwa na maombi hayo huanza na mashine. Hivyo tumeona tuliandikie jambo hili kwa kirefu kidogo, ili kamati ikae na kijana mwenyewe na kuamua kabla mtunza hazina hajapanda basi kwenda Mafinga au Makambako.

Uamuzi huu una uzito kwa sababu fedha za namna hii hutoka mara moja tu. Zikinunua zana zisizofaa, hakuna mfuko wa pili. Tumekwisha kuona zana zikiuzwa moja moja ndani ya mwaka, na fundi mwenye cheti akiishia kupakia mbao za watu kwenye malori huko barabarani.

TUANZE NA KITU KITAKACHOUZWA

Ukiingia duka kubwa la vifaa vya ufundi utakuta zana za kila namna, na muuzaji atakuambia kuwa zote ni muhimu. Swali la kumuuliza kijana kabla ya kwenda huko ni hili: majirani zako watakuja kukuagiza nini katika miezi sita ya kwanza?

Kwa nyanda zetu za juu kusini jibu halijifichi. Wataagiza vitanda, stuli, meza, mabenchi, na milango na fremu kwa wanaojenga kwa tofali za kuchoma. Wataagiza mizinga ya nyuki, na madawati shule inapohitaji. Wengi mnakumbuka kampeni ya madawati ya mwaka 2016, ambapo aliyekuwa na zana mkononi ndiye aliyeweza kupewa kazi, na aliyekuwa anangoja kuazima alipitwa. Na wataagiza majeneza. Hili tunalitaja kwa heshima, maana ndiyo kazi inayomfikia seremala wa kijijini jioni na kutakiwa asubuhi, na familia iliyofiwa haiwezi kuambiwa isubiri umeme urudi.

Swali la pili ni la mbao. Kwetu mbao ni paini na mlingoti, kwa sababu tumezungukwa na mashamba ya miti ya watu binafsi na Shamba la Sao Hill lililoko Mufindi, ambalo ni kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali nchini. Mninga unatoka mbali, kwenye misitu ya miombo kama ile ya Tabora na Katavi, na fundi anayeanza hataushika mara nyingi. Paini ni laini na hukatika vizuri kwa msumeno wa mkono, ila ina vifundo vingi, na kisu butu hakiikati bali huing'oa nyuzi zake. Mlingoti ni mgumu, hupinda, na hupasuka ncha ukikaushwa kwa haraka. Kwa hiyo fundi wetu anahitaji zana chache zenye ukali wa kweli kuliko zana nyingi.

Sasa chukueni karatasi. Mwambieni kijana achague kitu kimoja, tuseme stuli, na aeleze hatua kwa hatua jinsi anavyoitengeneza, naye katibu aandike kila zana inayotajwa. Atapima na kuchora mistari. Atakata miguu minne na vipande vya kuiunganisha. Ataranda. Atachimba matundu kwenye miguu na kuchonga ndimi kwenye vipande ili viingiane. Atapaka gundi na kubana mpaka ikauke, kisha atasugua kwa msasa. Rudieni zoezi hilo kwa kitanda, mlango na jeneza. Mtashangaa kuona kwamba kutoka kitu cha kwanza hadi cha nne zana zinazoongezeka ni chache sana, na zile za kwanza zinajirudia kila mahali. Zile zinazojirudia ndizo za kununua kwa fedha za awali.

ZANA ZENYEWE, NA JINSI YA KUZIJARIBU DUKANI

Kwa kupima na kuchora inatosha futi ya chuma ya mita tano, skwea ya seremala ambayo vitabu huiita guni, mahati ya kuchorea mistari inayofuata ukingo wa ubao, na penseli. Hizi ni za bei ndogo, lakini skwea iliyopinda itaharibu kila mlango. Kuijaribu ni rahisi. Chukueni ubao wenye ukingo ulionyooka, egemezeni skwea kwenye ukingo huo na kuchora mstari. Kisha igeuzeni iangalie upande mwingine, na kuchora tena kuanzia nukta ileile. Mistari ikilaliana, skwea ni nzuri. Ikiachana, rudisheni. Na msiikatae futi kwa sababu ndoano yake ya mbele inachezacheza. Imetengenezwa hivyo kusudi: mwendo ule mdogo unafidia unene wa ndoano yenyewe, upime kwa ndani au kwa nje.

Misumeno iwe miwili. Mmoja mkubwa wa kukatia mbao, na mmoja mfupi wenye chuma kigumu mgongoni kwa ajili ya kukata ndimi za viungo. Hapa tunaomba msikilize vizuri. Misumeno mingi ya siku hizi madukani ina meno yaliyokaushwa kwa joto, na mara nyingi utayatambua kwa rangi yake nyeusi au ya bluu kwenye ncha. Ni mikali sana siku ya kwanza na hudumu muda mrefu, lakini ikishakuwa butu hainoleki, kwa kuwa tupa huteleza juu yake. Kwa fundi wa mjini mwenye duka jirani hilo si tatizo. Kwa fundi wa kijijini ambaye kufika dukani ni nauli ya kwenda na kurudi, afadhali msumeno wenye meno ya kawaida ya chuma pamoja na tupa ya pembetatu. Muulizeni muuzaji waziwazi kama msumeno huo unanoleka kwa tupa, na kama hajui, mwambieni awaruhusu kugusisha tupa kwenye jino moja la pembeni kabisa. Tupa ikikamata, unanoleka.

Randa moja ya chuma inatosha kuanzia. Chagueni ile ya urefu wa kati, kama sentimita 35, ambayo mafundi wengi huiita namba tano, maana huweza kunyoosha ubao na pia kuulainisha. Randa fupi sana hufuata mabonde ya ubao badala ya kuyaondoa. Igeuzeni juu chini, wekeni rula iliyonyooka kwenye tumbo lake na kuangalia kuelekea kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati sana, au mbele ya kinywa, hiyo iacheni. Kutu ya juujuu isiwatishe. Randa iliyopasuka tumbo au kinywa itawatesa hata kama inang'aa.

Patasi zinauzwa kwa seti nzuri za sita au nane katika mkoba. Kwa kazi tulizozitaja tatu zinatosha, yaani za milimita 6, 12 na 25, na fedha inayobaki iongezwe ili hizo tatu ziwe za chuma kizuri. Patasi laini hupinda ncha kwenye kifundo cha kwanza cha paini.

Zaidi ya hizo, kuwe na nyundo ya chuma, na nyundo ya mti ambayo kijana ataichonga mwenyewe kwa kipande cha mlingoti. Kuwe na keekee na biti zake tatu au nne, bisibisi, na klampu mbili ndefu. Klampu ndizo husahaulika katika orodha nyingi, na bila kubana gundi haishiki vizuri hata iwe ya bei gani. Fedha zikiwa finyu, kamba iliyosokotwa kwa kijiti au kabari za mbao hufanya kazi hiyo, kama wazee wetu walivyofanya.

Benchi la kazi lisinunuliwe. Liwe kazi ya kwanza ya kijana, kwa mbao za mbili kwa sita, urefu wake ufike karibu na kifundo cha mkono akiwa amesimama wima. Mkiweza, mnunulieni jiliwa ya kufunga pembeni, ile ambayo wengine huita vaisi. Wajumbe wakilitazama benchi hilo watajua mengi juu ya fundi wao kuliko cheti kinavyoeleza.

KINOO

Tunakipa kichwa chake peke yake kwa kuwa katika orodha zinazotufikia hakimo kabisa.

Zana ya kukata ikitoka dukani haijanolewa kwa kazi. Imechongwa tu umbo. Bila jiwe la kunolea, randa na patasi zote mlizonunua ni vyuma vya kuning'iniza ukutani. Nunueni kinoo cha pande mbili, upande mmoja wa kukwangua na mwingine laini, kikubwa cha kutosha kisu cha randa kulala juu yake chote kwa upana. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na randa, na kama fedha hazitoshi vyote viwili, punguzeni patasi moja mnunue kinoo.

Kipimo cha mteremko wa patasi huwasumbua wanafunzi. Vitabu vinasema digrii 25 hadi 30, na nani ana kifaa cha kupimia digrii kijijini? Tumieni njia hii: mteremko wa ncha ukiwa mrefu mara mbili ya unene wa patasi, mko kwenye digrii 30 kamili. Patasi yenye unene wa milimita 4 iwe na mteremko wa milimita 8. Fundi ananoa upande huo mpaka ahisi kwa kidole kikwaruzo chembamba kimetokea upande wa pili, kisha analaza upande bapa juu ya jiwe laini na kukiondoa. Jaribio ni kukata kwa patasi kichwa cha ubao wa paini, pale nyuzi zinapoishia. Patasi kali huacha uso unaong'aa. Patasi butu huuponda ukawa kama sifongo. Kamati inayotaka kujua kama mwombaji anaijua kazi yake imwombe afanye jaribio hili mbele yao. Ni dakika kumi, na sisi tunaliamini kuliko barua ya mapendekezo.

KUHUSU MASHINE ZA UMEME

Tunajua hapa wengine hawatakubaliana nasi, na hoja zao si za kudharauliwa. Vijana wanasema, na ni kweli, kwamba kuranda milango kwa mkono kunachosha na kwamba karakana ya mjini yenye mashine inauza kwa bei ambayo fundi wa mkono haiwezi. Umeme nao umefika vijiji vingi tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007. Kwa nini basi tuendelee kuwanunulia randa za babu?

Jibu letu ni kwamba tutenganishe kazi nzito na kazi ya viungo. Kupasua na kuranda mbao nyingi ni kazi ya mashine kubwa, na mashine hizo zipo tayari Makambako, Mafinga na Njombe, ambako mwenye mbao hulipia huduma kwa ubao. Kijana anunue mbao, zirandwe hukohuko, azilete nyumbani, na hapo afanye kwa mkono kile ambacho mteja atakikagua: viungo, mlango unaofunga, droo isiyokwama. Hivyo anatumia mashine bila kuimiliki. Mashine kubwa ya karakana mara nyingi inahitaji umeme wa njia tatu, wakati nyumba nyingi za kijijini zimeunganishiwa njia moja. Ina visu vya kunolewa, mikanda inayokatika, na bili. Kamati ikinunua mashine ya kuranda ya usharika, mara nyingi swali la nani alipie mkanda hujibiwa baada ya mkanda kukatika.

Hata hivyo hatusemi umeme usiguswe. Kijana akishamaliza mwaka na kuonyesha daftari la mauzo, zana ya kwanza ya umeme tunayoipendekeza ni drili, ya pili ni randa ya umeme ya mkononi. Msumeno wa duara wa mkononi uje mwishoni, na usije bila miwani ya kukinga macho. Vumbi la mbao nalo hudhuru mapafu, na la mninga huwawasha wengi pua na koo, kwa hiyo barakoa iwemo kwenye orodha. Drili za betri ni nzuri mahali pasipo na umeme wa uhakika, ila kila kampuni ina umbo lake la betri, na betri ikifa baada ya miaka michache bila kupatikana nyingine, drili nzima imekufa.

KWA MARAFIKI WANAOTUMA ZANA

Tunashukuru kwa masanduku yanayotufikia. Zana za mkono zilizotumika mara nyingi ni bora kuliko mpya za hapa, kwa kuwa patasi na randa za zamani za Ulaya na Marekani zilitengenezwa kwa chuma kizuri. Shirika la Tools for Self Reliance la Uingereza lilijulikana kwa kazi hiyo kwa miaka mingi: watu wa kujitolea walikarabati na kunoa zana za zamani, wakazifunga kwa seti kulingana na fani, na nyingi zilifika Tanzania. Funzo tunalolichukua kwao ni kwamba zana ziondolewe kutu na kukaguliwa huko zinakotoka. Kontena la zana zilizokatika tunalilipia usafiri uleule kama la zana nzima.

Kwa zana za umeme tunawaomba mtazame kibandiko chake kabla ya kufunga sanduku. Umeme wa Tanzania ni volti 230, mizunguko 50. Zana ya Ujerumani inatufaa kwa kubadilisha plagi tu. Zana ya Marekani ya volti 120 ikichomekwa hapa itaungua papo hapo, na transfoma ya kuiwezesha ni nzito na ya gharama. Vilevile mkituma keekee, tumeni na biti zake. Biti za keekee zina shina la pembe nne na zile za drili ya umeme zina shina la mviringo, kwa hiyo fundi hawezi kukopa huku akapeleka kule.

ZANA NI ZA NANI?

Swali hili liamuliwe kabla ya kukabidhi. Tunalo tukio la binti mmoja, seremala mzuri, ambaye msumeno wake ulikuwa ukichukuliwa na kaka zake kukatia kuni. Nyumbani hakuna aliyeona ubaya, maana zana zililetwa "na kanisa" na kila mtu pale ni mshirika. Meno yaliisha ndani ya msimu mmoja. Kilichomwokoa ni karatasi moja tu: orodha ya zana yenye jina lake, sahihi yake, sahihi ya baba yake na ya mwenyekiti wa kamati. Mwinjilisti wa mtaa alikwenda nayo nyumbani, ikasomwa mbele ya mzee, na tangu siku hiyo sanduku lina kufuli na ufunguo anao yeye. Msumeno ulinolewa upya kwa tupa, kwa kuwa ulikuwa wa aina inayonoleka.

Basi tunashauri zana ziwe mali ya fundi mwenyewe, kwa maandishi, na zitolewe kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza iwe ya kupima, kukata, kuranda, kuchimba na kunoa. Baada ya miezi mitatu wajumbe wawili wamtembelee, walione benchi, wajaribu ukali wa patasi, na wasome daftari lake la mauzo. Wakiridhika, awamu ya pili iende: klampu za kuongeza, biti zaidi, na zana nyingine aliyoona kwa kazi yake kwamba ameikosa. Mara nyingi ataomba kitu ambacho hakuna mjumbe aliyekuwa amekiwaza. Kamati isimzuie, maana yeye ndiye anayejua wateja wake wanataka nini.

Sharika zinazotaka kuleta maombi robo ijayo ziambatanishe ile karatasi ya hatua za kitu kimoja, bei kutoka maduka mawili tofauti, na jina la mahali ambapo kijana atarandishia mbao zake. Hatuhitaji iwe imepigwa chapa. Iliyoandikwa kwa penseli ya seremala tutaipokea vilevile.